Kwa Babu Aikaeli (wanakikundi 23)

IJUMAA, 10 OKTOBA

[14:12] Kaka Frenki: 📷 Picha

[14:13] Kaka Frenki: Hapa ni Tiergarten, katikati ya Berlin. Nimetoka kazini kula, nikaona nitembee kidogo. Majani yamegeuka rangi, yanadondoka tu. Baridi imeanza

[14:15] Manka: Pazuri kaka! Ila jamani na sisi msitu tunao, tena hapahapa Moshi mjini. Mara ya mwisho nani kaingia Rau???

[14:15] Manka: Jumanne tarehe 14 ni sikukuu ya Nyerere. Hakuna kazi, hakuna shule. Twendeni Msitu wa Rau, ukoo mzima. Matembezi mepesi, tambarare, hakuna mlima wa kupanda. Hata mwenye kisukari atatembea

[14:16] Manka: Halafu Frenki, hiyo Tiergarten yako ni hekta 210, nimeangalia. Rau ni 570. Msitutambie

[14:40] Godi: 😂😂 dada ameshapima

[15:02] Manka: Nakili orodha, ongeza jina lako, rudisha hapa.
SAFARI YA RAU
1. Manka
2. 

[15:30] Manka: Naona tiki za bluu 17 lakini orodha ina mtu mmoja

[16:05] Godi: SAFARI YA RAU
1. Manka
2. Godi
3. Mbega
4. Mbega mwenzake

[16:06] Manka: Godi acha utani

[16:08] Godi: Sio utani, wale wako tayari, wanakaa hukohuko. Tena mbega hana kidole gumba, akikaa kimya kwenye kikundi namwelewa. Nyie wengine vidole vyote kumi mnavyo

[16:10] Elibariki: 🤣🤣🤣 aisee

[16:31] Mama Kelvin: Habari za jioni wapendwa. Mayai ya kienyeji yapo, trei chache, anayehitaji aje inbox. Napeleka mpaka Mbuyuni na Majengo

[16:32] Godi: Shemeji weka trei moja kwenye orodha, namba 5

[17:20] Kaka Frenki: Manka umenichokoza. Hekta zenu ni nyingi sawa, lakini huu msitu ulishakufa ukafufuka. Baada ya vita, 1945, watu hawakuwa na makaa wala kuni. Walikata. Katika miti kama 200,000 ilibaki kama 700 tu. Humu ndani watu wakalima viazi. Walianza kupanda upya 1949. Kwa hiyo haya majani ninayowapigia picha ni ya miti ya juzijuzi

[17:24] Godi: Kumbe na Wajerumani walishavamia hifadhi

[17:25] Elibariki: Wangekutana na bwana misitu wa kwetu wangeacha mapanga na baiskeli

[17:41] Manka: Ndio maana tuuone wa kwetu ungali upo. Yale maji ya mlimani yanapita chini kwa chini yanaibukia kule, ndio maana msitu uko kijani hata kiangazi. Kuna mivule, kuna misoo. Msoo ni mti wa kutafuta kwa tochi duniani, hata jina lake la kisayansi ni hilohilo letu, msoo. Nani amewahi kuwaonyesha watoto?

[17:42] Manka: Kila mkubwa elfu kumi, watoto bure. Baba Gift unapokea

[17:43] Manka: Kiingilio nitaulizia. Kinalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, hakuna kumpa mtu mkononi. Mwenyeji bei yake na mgeni bei yake

[17:44] Godi: Frenki akija tumlipie ya mgeni

[17:50] Kaka Frenki: Godi nitakupigia simu

JUMAMOSI, 11 OKTOBA

[07:15] Manka: Asubuhi njema. Orodha bado ina watu wawili na nyani

[07:16] Godi: MBEGA. Sio nyani. Mavazi ya wamangi yalishonwa kwa ngozi ya nani? Tuheshimiane

[08:40] Neema: Mimi nakuja na watoto wawili. Mbu wapo?

[08:41] Manka: Maji yapo, mbu wapo. Vaeni mikono mirefu na raba. Mwenye kandambili apite soko la Memorial leo achague raba ya mtumba

[09:12] Baba Gift: Salaam. Nimepokea elfu kumi moja tu, ya Manka. Nawakumbusha ile safari ya Marangu zilibaki 34,000, zipo kwangu, sijala

[09:13] Manka: Ahsante Baba mdogo. Hizo zinunue soda

[09:58] Shangazi Ndeshi: Soda

[10:00] Manka: Shikamoo Shangazi! Nikuweke namba 6?

[10:20] Shangazi Ndeshi: Kwanza mkumbuke kuhesabu. Siku ile mlihesabu kreti za soda zikatimia, mkaondoka

[10:21] Godi: 🙈

[10:22] Elibariki: Tumefika Himo tena

[10:25] Manka: Shangazi jamani yale yalishaisha. Kila gari lilijua upo kwenye lile jingine

[10:26] Shangazi Ndeshi: Mimi sijasikia yakiisha. Nilikuwa na mkungu wa ndizi na simu haina chaji. Nikasimama mpaka muuza nyanya akanipa kigoda. Aliyenipigia wa kwanza alikuwa Frenki. Kutoka Ujerumani

[10:27] Kaka Frenki: Shangazi naomba usinitaje 😅

[10:31] Godi: Lakini ndizi zilifika

[10:31] Godi: *Ujumbe huu umefutwa*

[10:33] Shangazi Ndeshi: Nimeshausoma Godi

[10:50] Mama Kelvin: Trei zimebaki mbili

[13:05] Manka: Turudi kwenye mada. MAGARI. Noah ya Baba Gift inabeba saba. Elibariki unaweza kupata kosta ya yule rafiki yako? Tukutane mnara wa saa, saa mbili kamili asubuhi. Sio saa mbili ya ukoo huu, saa mbili ya redio

[19:44] Manka: Elibariki???

[21:30] Elibariki: Dada nilikuwa nakata majani ya ng'ombe. Ya kosta nitamuuliza

JUMAPILI, 12 OKTOBA

[15:20] Elibariki: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:47)

[15:21] Elibariki: Ni Babu. Amesikia habari za Rau kanisani, akaniambia shika simu

[15:24] Neema: Niko kazini zamu ya mchana, siwezi kusikiliza. Nani aandike?

[15:52] Elibariki: Naandika kama alivyosema.

"Marahaba, marahaba wote. Nasikia mnataka kwenda Rau kutembea. Kutembea! Haya. Sisi ule msitu tulikuwa tunaupita, hatukuwa tunautembelea. Kihamba kiko huku juu, shamba la mahindi liko kule chini, na ng'ombe wako zizini wanasubiri majani. Bibi yenu alikuwa anashuka alfajiri na kupanda jua likiwa kali, mzigo wa majani kichwani, mkubwa kuliko mlango. Na mlango huu mnaoupigapiga kila Desemba ni wa mvule, marehemu baba yangu alitoa ng'ombe kwa zile mbao. Akifika kwenye miti ile anautua mzigo anapumzika. Kuna baridi pale chini hata mchana. Na mgongoni ana mtoto. Yule mtoto ni Ndeshi. Anatua majani, mtoto hamtui. Nimewasikia na habari za Himo. Nilisikia siku ileile, nikanyamaza nione nani atakwenda kwa Ndeshi kumwambia neno. Mwaka umepita. Mimi magoti yangu yana miaka 84 lakini ule mvule mkubwa nataka kuushika. Ndeshi akienda, nitakwenda. Ndeshi akikaa, nitakaa naye, na nyinyi nendeni mkanywe soda. Nimemaliza. Zima. Imezima?"

[15:53] Elibariki: Mwisho

[16:40] Neema: Aika mbee Babu

[17:15] Baba Gift: Tumesikia Mzee

[17:16] Manka: *Ujumbe huu umefutwa*

[17:19] Manka: *Ujumbe huu umefutwa*

[18:02] Manka: Shikamoo Babu. Nimesikia. Shangazi, nakuja kwako jioni hii, usilale

[18:03] Godi: Na mimi nakuja

[18:03] Manka: Wewe baki

JUMATATU, 13 OKTOBA

[06:50] Manka: Habari za asubuhi. Kesho ndio siku. Atakayepiga picha asiwarushie kima ndizi, wakishazoea wanapora mikoba. Mbega hana shida, anakula majani yake huko juu. Tukitoka msituni tunaweza kufika mpaka kwenye majaruba ya mpunga

[07:30] Kaka Frenki: Jana umeongea na Shangazi?

[07:31] Manka: Nilikaa mpaka saa nne usiku. Alinipa mtori. Hakuongelea safari hata neno

[07:33] Godi: Mtori ni jibu zuri

[07:34] Neema: Inategemea ulikuwa na nyama au hauna

[07:36] Manka: Ulikuwa na nyama

[07:36] Godi: 🙏🙏

[12:10] Baba Gift: Samahanini. Noah imeingia kwa fundi, boksi la gia. Anasema jioni. Ni yuleyule aliyesema jioni mwezi wa nne

[12:11] Manka: BABA MDOGO

[12:14] Manka: Elibariki kosta?

[12:15] Manka: Elibariki

[12:47] Godi: Bajaji nne, Babu apande ya mbele na bendera

[13:30] Manka: Babu hapandi bajaji

[16:22] Elibariki: Kosta ina harusi kesho. Nimepata kifodi, ila dereva anataka hela ya mafuta leo hii. Na Babu ameshanyoosha koti lake la ibada, limetundikwa mlangoni

[16:23] Manka: Watu wangapi wamelipa?

[16:40] Baba Gift: Sita. Pamoja na 34,000

[20:58] Shangazi Ndeshi: SAFARI YA RAU
1. Manka
2. Godi
3. Neema
4. Neema mtoto
5. Neema mtoto
6. Elibariki
7. Baba Gift
8. Babu. KITI CHA MBELE, magoti yake hayakunji
9. 

[20:59] Godi: Mbega wameondolewa 💔

[21:01] Manka: Shangazi ahsante sana. Hapo namba 9 niandike nani?

[21:40] Manka: Shangazi?

[22:15] Elibariki: Dereva anauliza tena hela ya mafuta

[22:17] Manka: Mwambie nipo macho. Baba Gift mtumie kwa simu, toa kwenye 34,000

[22:19] Manka: Baba Gift?

[23:06] Mama Kelvin: Jamani nilikuwa sijafungua kikundi siku tatu. Hii ya kesho ni Marangu tena? Tunapitia Himo?