Mjadala: Tudai mkataba wa dunia wa sukari wenye meno, au tuanze na ushuru wetu?

Mleta Mada, Area D
Wakuu, mbukwenyi. Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Sukari, makao yake London. Mkataba wake wa 1992 hauna kifungu cha bei wala cha mgawo, yaani kiasi ambacho kila nchi inaruhusiwa kuuza nje. Umebaki wa takwimu na mikutano. Ule wa 1977 ulitaka bei icheze kati ya senti 11 na 21 za dola kwa ratili. Ikishuka, wauzaji wanabanwa mgawo na sukari inawekwa ghalani. Ikipanda, ghala linafunguliwa. Nasema Bunge lishinikize turudi huko. Mkulima wa miwa wa Kilombero na mnunuzi wa soko la Majengo hapa Dodoma wote wangepumua.

Msoma Mikataba
Mkuu, umeacha nusu ya habari. Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya haikujiunga na huo wa 1977. Wenzake walipojibana, yenyewe iliendelea kumwaga sokoni sukari ya bitiruti yenye ruzuku. Mwaka 1980 bei ilipasua dari, 1982 ikawa chini ya sakafu, na mwisho wa 1984 vifungu vya uchumi vikafa. Mgawo humbana aliyesaini tu.

Mfano wenye akili zaidi ni mkataba wa sukari wa Brussels, 1902. Haukugusa bei. Ulikataza ruzuku za kuuza nje, na sukari ya mkaidi ikapigwa ushuru wa kufidia au kukataliwa bandarini. Uingereza, mnunuzi mkubwa, ilikuwa ndani, kwa hiyo rungu lilikuwa mkononi mwa mteja. Sisi tuna rungu gani?

Mleta Mada, Area D
Na Itifaki ya Sukari ya Lomé, 1975, kati ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki? Ulaya ilitununulia kwa bei ya uhakika.

Msoma Mikataba
Mpaka Brazil, Australia na Thailand ziliposhinda kesi ya ruzuku dhidi ya Ulaya katika Shirika la Biashara Duniani (WTO) mwaka 2005. Ulaya ikakata bei yake kwa asilimia 36, na 2009 itifaki ikazikwa. Bei ya hisani huondoka na mwenye hisani.

Mtu wa Forodha
Mnazunguka London na Brussels, wakati kinachotukamua kiko hapa. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa sukari ni asilimia 100 ya thamani au dola 460 kwa tani, kinachozidi ndicho kinachotozwa. Tani ikifika Dar kwa dola 400 inalipa 460, yaani asilimia 115. Ikifika kwa 600, inalipa 600. Bei ya dunia ikipanda, ushuru nao unapanda, siku ile ile mlaji anapoumia.

Sasa toa kibali cha kuagiza chenye nafuu ya ushuru, tuseme asilimia 35: tani ya dola 600 inalipa 210. Tofauti ni dola 390, sawa na dola 19.5 kwa mfuko wa kilo 50. Nani asiuwanie huo mfuko?

Mdau wa Miwa, Morogoro
Ushuru ukiporomoka, wakulima wa nje wa Mtibwa na Kilombero (wenye mashamba yao, wanaouzia viwanda miwa) ndio wa kwanza kulala njaa. Tatizo ni kalenda. Masika yakishika, trekta haliingii shambani na viwanda hufunga kwa matengenezo. Muwa uliokatwa ukipita saa 48 sukari inapotea, kwa hiyo hakuna kuvuna ukaweka. Kibali kikitoka Machi, ukaweka kupakia, safari, kushusha na forodha, mzigo unafika viwanda vimeshawasha. Mlaji kaumia Aprili, mkulima anaumia Julai. Mvua za El Niño za mwanzoni mwa 2024 zilituonyesha.

Mtu wa Forodha
Ndiyo maana Sheria ya Fedha ya 2024 iliipa NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ruhusa ya kuagiza na kuhifadhi sukari ya kufidia pengo. Dodoma kukavu, maghala ya Kizota yanafaa, mradi mifuko ikae juu ya chaga, mbali na ukuta. Ikipata unyevu inaganda jiwe. Na isikae karibu na dawa za kufukizia mahindi.

Mdau wa Miwa, Morogoro
Sawa, ila sukari hiyo ifungiwe tarehe ya kutoka: viwanda vikishawasha, mfuko usitoke ghalani.

Mleta Mada, Area D
Bei ya dunia ikianguka baada ya NFRA kununua, hasara inaandikwa kwa nani? Mkataba wa 1977 angalau ulikuwa na mfuko wa kugharimia maghala. Hii sheria yetu mmeisoma hadi hapo?