Utamaduni katika siasa ya dola kubwa: ni zawadi au ni chambo?

Mkaazi wa Mkoani:
Assalamu alaykum. Hospitali ya Abdulla Mzee hapa Mkoani, Pemba, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016, haina haja ya kuelezwa faida yake. Ninalouliza ni juu ya misaada isiyo na saruji: madarasa ya lugha, tamthilia, ziara za wanamuziki. Dola kubwa zinapata nini kwa kuyagharimia hayo, na je, si propaganda iliyovishwa kanzu?

Maalim wa Ng'ambo:
Waalaykum salaam. Zinapata kusikilizwa. Joseph Nye, mtaalamu wa siasa wa Marekani, aliipa hali hiyo jina la nguvu laini mwaka 1990, yaani kuwavuta watu badala ya kuwalazimisha, lakini wazee wetu walikwisha kuionja zamani kupitia redio. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 1957, ya Peking (Beijing) 1961 na ya Sauti ya Amerika 1962, zote kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar. Hakuna aliyengoja tujifunze lugha yake. Walitufuata kwa lugha yetu hadi barazani.

Bibi wa Kikwajuni:
Maalim, kuhusu propaganda hukumjibu. Kuanzia 1956 Marekani iliwatuma wanamuziki wa jazi, Dizzy Gillespie akiwa wa mwanzo, kwa sababu Wasovieti hawakuacha kuutangazia ulimwengu ubaguzi uliokuwapo nchini humo. Mwaka uliofuata, wanafunzi weusi walipozuiwa kuingia skuli huko Little Rock, Louis Armstrong alikataa hadharani kwenda Umoja wa Kisovieti kwa niaba ya serikali yake. Mtangazaji wa propaganda husoma alichoandikiwa, ilhali msanii ana ulimi wake, na ndiyo maana watu humwamini. Tena ajabu ni kwamba mwaka 1960 Armstrong huyo huyo alizunguka Afrika kwa udhamini wa Wizara ya Mambo ya Nje.

Mkaazi wa Mkoani:
Nimekufahamu, Bibi. Lakini redio ilikuja kwa Kiswahili, na sasa mwanangu anatakiwa yeye ndiye akiendee Kichina. Mizani haikugeuka hapo?

Maalim wa Ng'ambo:
Imegeuka kiasi. Kiswahili nacho kinasomeshwa Beijing tangu miaka ya 1960, ila madarasa hayo waliyafungua wao kwa haja yao. Mwache kijana asome, kisha muulize ni nani kwetu anayewasomesha wageni kwa haja yetu sisi.