Rais wa Kenya amsikilize nani kuhusu usalama wa taifa?

Wakenya wenzangu, tulijadili hili bila kuangalia nani ni wa chama gani. Ibara ya 240 ya Katiba ya 2010 imewataja wajumbe tisa wa Baraza la Usalama wa Taifa: Rais, Naibu wake, mawaziri wa Ulinzi, Mambo ya Nje na Usalama wa Ndani, Mwanasheria Mkuu, Mkuu wa Majeshi, Mkurugenzi Mkuu wa Ujasusi na Inspekta Jenerali wa Polisi. Mwaka 2022 Rais Ruto alimteua Balozi Monica Juma kuwa mshauri wake wa usalama wa taifa na katibu wa Baraza hilo. Katibu yumo kwenye Katiba, tena inasema huteuliwa na Baraza lenyewe. Mshauri hatajwi popote.

Sina neno na Balozi Juma. Amewahi kuongoza Wizara ya Mambo ya Nje na ile ya Ulinzi, kazi anaijua. Hoja yangu ni kiti chenyewe. Waziri, Mwanasheria Mkuu, Inspekta Jenerali, hata mkuu wa ujasusi, hupigwa msasa na Bunge kabla ya kuapishwa. Mshauri huteuliwa, basi.

Wanaotetea wadhifa huo wanasema kila idara huvutia kwake: polisi wana ripoti yao, ujasusi wana yao, na Rais anahitaji mtu asiye na kikosi wa kuzipima zote. Hapo nakubali kabisa. Nisichokubali ni kwamba kazi nzito hivyo ifanywe bila sheria inayoeleza mipaka yake.

Tazameni suala la Haiti. Serikali iliahidi kupeleka huko polisi 1,000 kusaidia kupambana na magenge, na Novemba 2023 Bunge likaidhinisha. Januari 2024 Mahakama Kuu ikasema Baraza letu la Usalama wa Taifa halina mamlaka ya kutuma polisi nje ya nchi, kwa kuwa vikosi ambavyo Katiba inaliruhusu kuvituma ni vya jeshi. Baraza lenye Mwanasheria Mkuu ndani yake! Ikabidi Machi 1 utiwe saini mkataba na Haiti ndipo safari iwezekane. Je, kuna aliyemwambia Rais mapema kwamba mlango ule umefungwa? Kama yupo, mbona hakusikilizwa?

Polisi wa kwanza walitua Port-au-Prince Juni 25, 2024, siku ileile vijana waliokuwa wakipinga Muswada wa Fedha walipoingia Bunge letu Nairobi na wengine wakapigwa risasi. Jioni jeshi likatangazwa kuwasaidia polisi, na idhini ya Bunge la Kitaifa ikaja kesho yake. Wazazi waliozika watoto wao wana haki ya kujua ni ushauri gani ulitolewa siku ile, na nani aliutoa.

Ninapendekeza wadhifa wa mshauri uwekewe sheria, anayeteuliwa afike mbele ya wabunge, na ripoti ya kila mwaka ambayo Baraza linatakiwa kuipeleka Bungeni ijadiliwe hadharani, isipokuwa yale ya siri za kivita. Mnaoona Rais aachwe achague msiri wake apendavyo, nijibuni hili: ushauri ukiwa mbaya na watu wakafa, kamati ya Bunge imwite nani?