Nataka kurudi nchi niliyokulia, mume na watoto hawajawahi kuishi huko. Naombeni ushauri

Nyota_ya_Mbali:
Habari zenu wakuu. Nimeishi ugenini zaidi ya nusu ya umri wangu. Huku ndiko nilikoolewa na ndiko walikozaliwa watoto, na uraia wa huku nilishachukua. Mama yangu sasa ni mtu mzima na amebaki peke yake. Nataka turudi. Mume amekubali, ila si raia wa kule na lugha anaijua ya salamu tu. Binti yetu mkubwa ana miaka 13, hataki hata kusikia habari hizi. Nianzie wapi? Nitangulie au tuondoke wote?

Msafiri_Mkongwe:
Dada, kabla ya kufunga hata sanduku moja, jua wewe ni nani mbele ya sheria za kule. Zipo nchi zisizomruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Japan na India ni mfano: ukichukua uraia wa kwingine kwa hiari yako, ule wa kwanza unaupoteza. India ina hadhi iitwayo OCI kwa watu wenye asili yake, wanaishi na kufanya kazi, ila hawapigi kura. Kama kwenu ni hivyo, wewe mwenyewe utahitaji kibali, na cha mumeo huenda kikategemea cha kwako. Uliza ubalozini, na jibu uombe kwa maandishi.

Bint_Bahari:
Naongezea hapo. Mumeo ni raia wa huko mliko au ana ukaazi wa kudumu tu? Ukaazi unaweza kupotea mtu akikaa nje. Uingereza, ule wa kawaida hufutika ukikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo. Marekani, ukizidisha mwaka mmoja bila kibali cha kurudi ulichokiomba kabla hujaondoka, unaweza kuzuiwa mpakani. Msifunge mlango wa nyuma kabla hamjajua wa mbele unafunguka vipi.

Mwalimu_Mstaafu:
Mwanangu, mimi nimefundisha watoto wengi wa familia zilizorudi, kwa hiyo niruhusu niseme kidogo kwa urefu. Wewe unarudi. Mumeo na watoto hawarudi, wanahama. Utashuka pale ukiwa na kumbukumbu, ndugu na lugha, wao watashuka mikono mitupu. Nimeona familia ambazo mzazi mwenyeji alikuwa na furaha tele huku mwenzake anashindwa hata kujieleza kwa daktari, na kwa kuwa kila mtu alimwambia "karibu nyumbani", hakuthubutu kusema kwamba ana upweke. Mpe mumeo nafasi ya kuitwa mgeni. Aanze masomo ya lugha sasa hivi, na atafute kazi au shughuli yake mwenyewe isiyopitia kwa ndugu zako.

Binti wa miaka 13 ndiye mgumu kuliko wote. Akicheleweshwa mwaka mmoja au miwili atakuta wenzake wanajiandaa na mitihani mikubwa kwa lugha asiyoiandika. Kama mnahama, hameni mwanzoni mwa mwaka wa masomo wa kule, na shule muitafute mapema kabla ya nyumba. Chukueni matokeo yake, rekodi za chanjo, vyeti vya kuzaliwa na cha ndoa. Kama nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1961, cheti kikipigwa apostili, yaani uthibitisho rasmi wa serikali ya nchi kilikotolewa, kinatosha kuthibitisha muhuri na saini. Kama moja haimo, itabidi mpitie wizara ya mambo ya nje na ubalozi, na hilo huchukua muda.

Kaka_Mpole:
Kwa maoni yangu tangulia peke yako, dada, uone kazi na mtaa. Tena usiende wakati wa sikukuu, kila mtu anapokuwa mkarimu.

Mwalimu_Mstaafu:
Kaka Mpole, kutangulia kwa majuma machache sawa. Ila mwaka mzima mbali na binti wa umri huo, hapana. Aende naye.

Zawadi_ya_Asubuhi:
Dada, wewe nawe utayumba. Mwaka 1963 watafiti John na Jeanne Gullahorn waliandika kwamba anayerudi kwao hupitia tena mshtuko kama ule wa ugenini. Na samahani kwa kuuliza: mama mwenyewe anasemaje?

Nyota_ya_Mbali:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Mume ni raia wa huku. Mama hajaniomba nirudi, na sijamuuliza anataka msaada wa namna gani. Nitamuuliza kabla ya ubalozi. Mwalimu, ya binti yamenigusa, nitaenda naye likizo ijayo akaone shule. Je, pensheni yangu ya huku itapotea?

Msafiri_Mkongwe:
Inategemea kama nchi hizo mbili zina mkataba wa hifadhi ya jamii. Ukiwepo, mara nyingi miaka ya kuchangia hujumlishwa. Usipokuwepo, uliza mfuko wako kama unalipa mstaafu aliye nje, na kama umebakiza muda mfupi kufikisha kiwango cha chini, malizia kwanza. Bima ya afya nayo tafuteni ya kuziba miezi ya mwanzo, maana nchi nyingine humsubirisha hata raia wake aliyerudi.