Nusu yai langu, ndani ya bakuli langu, na mimi nikiwa bado ninakula!

Wakuu, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira. Mchana huu tulikwenda watano kula rameni, zile tambi za Kijapani zinazoletwa ndani ya supu ya moto, tukiwa na yule bwana ambaye hana haja ya kutajwa kwa sababu nyote mnamfahamu: yule anayefunga orodha ya vyakula na kusema, "Mimi sina njaa, nitaonja tu." Aliagiza chai ya kijani peke yake. Lakini vijiti aliomba.

Kwa wasiojua, yai la rameni si yai la kuchemsha hivi hivi. Huchemshwa kwa dakika 6 au 7 tu ili kiini kisigande, halafu humenywa na kulowekwa kwa saa nyingi katika mchuzi wa soya wenye utamu, hadi weupe wake uwe wa kahawia na kiini kibaki kizito kama asali. Mimi nililetewa nusu. Nililisogeza pembeni mwa bakuli, karibu na kipande cha mwani, nikaanza na tambi kwa kuwa tambi hazingoji mtu. Zikikaa kwenye supu ya moto huvimba na kulegea. Yai nililiweka liwe la mwisho.

Nikainama kuvuta tambi. Nilipoinua uso, vijiti vyake vilikuwa vimekwisha kuingia bakulini mwangu na kutoka, na yai langu lilikuwa linasafiri juu ya meza, likidondosha kiini tone kwa tone juu ya simu yangu. Akalimeza bila kulitafuna, kama mamba anayemeza kifaranga. Kisha akaniambia, "Nilidhani hulitaki."

Hulitaki! Mtu aliyelizungushia yai lake tambi kama ukuta wa ngome, utasemaje halitaki? Nimevumilia aonje supu yangu, nimevumilia aonje kamba wangu wa kukaanga hadi nikabaki na mikia, lakini yai hilo lilikuwa nusu tayari; angeonja nini akaniachia nini? Na wenzangu watatu wakacheka. "Nilidhani hulitaki." Maneno hayo nitazikwa nayo.

Kijiko_Kirefu: Pole sana, mkuu. Huyo wako ndiye wangu. Mara ya mwisho "alionja" bakuli langu mpaka nikaona maua yaliyochorwa chini yake.

Mpenda_Amani: Mleta uzi, mtu mzima na ndevu zako unalilia nusu yai? Chakula cha Kichina huwekwa katikati ya meza na kila mtu akajichukulia. Rafiki yako hana kosa.

Mleta uzi: Nimesema rameni, na rameni huletwa bakuli moja kwa mtu mmoja. Hata hao Wachina, sahani za katikati ni za wote, lakini bakuli lililo mbele yako ni lako. Tena alitumia ncha zilezile za vijiti alizokuwa amezilamba.

Binti_wa_Jikoni: Wangu huchomeka vijiti wima kwenye wali na kuviacha visimame wakati akizungumza na simu. Japani, wali wenye vijiti vilivyosimama huwekewa marehemu. Mhudumu alipita, akavichomoa, akavilaza pembeni bila kusema neno. Nilitamani niingie chini ya meza.

Mpenda_Amani: Huyo sasa ndiye wa kulalamikiwa, si mla yai.

Msema_Kweli: Afadhali hao wote. Wangu alikula sahani nne za sushi, mimi nikanywa kibakuli kimoja cha supu ya miso, na bili ilipoletwa akatangaza kwamba tugawane sawa kwa sawa kwa kuwa sisi ni ndugu.

Kijiko_Kirefu: Sahani nne? Mkuu, huyo ni mwizi kabisa. Ulilipa?

Mleta uzi: Naomba turudi kwenye yai.

Msema_Kweli: Nililipa. Na ya tano alifungashiwa.

Binti_wa_Jikoni: Ya tano nayo iliingizwa kwenye hesabu?