Viwanja vya mteremkoni Mbeya: barabara, mitaro na mabomba tujenge kwa kipimo gani kabla ya kuuza?

KibandaChaUyole

Habari za wakati huu wakuu. Tupo watu tisa, tuna shamba la ekari 12 upande wa Isyesye. Mchoro wa mipango miji umeshapita na mpimaji ameshaweka bikoni (alama za mipaka): viwanja 60, wastani wa mita za mraba 550 kila kimoja. Barabara kuu ya ndani ina hifadhi (upana wote uliotengwa) ya mita 10 na inashuka toka juu mpaka korongoni, urefu mita 450, tofauti ya kimo mita 40. Katikati kuna kipande cha mita 60 hivi kimesimama kweli, mpimaji anasema asilimia 14. Bomba la mamlaka ya maji linapita juu ya shamba.

Wenzangu wanataka tukodi greda siku mbili lichonge, tumwage moramu (udongo wa changarawe), tuanze kuuza. Mimi naona mvua ya kwanza itatuumbua. Naomba wanaoijua kazi waseme: tabaka la barabara unene gani, mtaro wa ukubwa gani, kalavati (bomba la kupitisha maji chini ya barabara) gani, bomba la maji gani, na kipi kitangulie. Lami hatuiwezi, tuseme ukweli.

---

Theodolaiti

Kabla greda halijawashwa, mwite mpimaji aliyepima arudi aweke vigingi vya rejea nje ya eneo la kuchongwa, mita 2 ndani ya kila kiwanja, na aviandike kwenye karatasi. Greda haliioni bikoni. Likizing'oa 30 kati ya hizo, kuzirudisha kunaweza kula pesa mliyotenga kwa kalavati, na nyie wenyewe hamruhusiwi kuzichomeka upya kwa kukadiria.

La pili ni pale mnapoungana na barabara ya umma. Kama ni barabara ya mtaa, nendeni TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) kuomba kibali cha kuunganisha. Kama mnatokea moja kwa moja kwenye barabara kuu ya Tunduma, hiyo ni ya TANROADS (wakala wa barabara kuu) na hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa Sheria ya Barabara ya 2007. Mzee yeyote atakayewaambia ni mita 22.5 anasoma kipimo cha zamani. Zile X nyekundu na za kijani zilizochorwa kwenye kuta za nyumba za kando ya barabara kuu zilitokana na tofauti hiyo hiyo ya mita 7.5.

Korongo nalo lisipitwe juu juu. Kama linabeba mto au kijito, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 zisizojengwa kutoka ukingoni. Muulizeni afisa mazingira wa jiji akalione kwa macho, majibu yawe ya maandishi, kabla viwanja vya safu ya chini havijapata wateja.

---

Zege_na_Mawe

Mkuu, wenzako wamekosea mpangilio zaidi ya walivyokosea bei. Greda la siku mbili bila mitaro litakuchimbia mto wa mita 450. Anza na maji, barabara itafuata.

Hesabu ya maji ni nyepesi: chukua mgawo wa maji yanayotiririka (C), zidisha kwa ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, zidisha kwa hekta, gawa kwa 360. Shamba lako ni hekta 5 hivi. Kwa mfano wa mvua ya milimita 80 kwa saa (takwimu za eneo lako chukua Mamlaka ya Hali ya Hewa), shamba likiwa na nyasi, C ni kama 0.3, unapata mita za ujazo 0.33 kwa sekunde. Weka mabati, vibaraza na nyua za zege za nyumba 60, C inapanda mpaka 0.6, maji yanakuwa 0.67. Yaani nyumba zenyewe zinazidisha maji mara mbili. Ndiyo maana mitaa mingi inakuwa salama miaka mitatu ya mwanzo, halafu watu wanashangaa mtaro "umeharibika" wakati haujabadilika hata inchi.

Na hiyo ni ndani ya mipaka yenu tu. Panda juu ya shamba uone maji ya jirani yanashukia wapi. Kama yanaingia kwenu, chimba mtaro wa kinga kuvuka mteremko kwenye mpaka wa juu, ubavu wa chini uwe na tuta, mteremko wake usizidi asilimia 2, umwage kwenye korongo moja kwa moja. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mikono, na haina gharama kubwa.

Barabara yenu ina mteremko wa wastani wa asilimia 9. Kwa udongo tu, mtaro wa asilimia 9 unadai kizuizi cha mawe kila mita 7. Asilimia 5 ni kila mita 20, na chini ya asilimia 4 havihitajiki. Lakini udongo wa upande huo una majivu ya volkano na vile vijiwe vyepesi vinavyoelea ukivitupa kwenye ndoo ya maji. Huo usiuamini. Jengeni mtaro wa mawe na mota pande zote mbili, upana wa ndani sentimita 40, kina 50. Kila upande ukibeba nusu ya ile 0.67, maji yatapanda kama sentimita 30 na yatakimbia karibu mita 3 kwa sekunde. Udongo ule hauvumilii hata mita 1.

Mtaro wa mawe una kosa lake: unayapa maji mbio halafu unayaachia ghafla. Mwisho wake korongoni jengeni ngazi za mawe, kisha gebioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe) au mawe makubwa chini ya ngazi. Nimeona michoro mizuri ya mitaro inaishia kwa mshale tu, kana kwamba maji yakifika kwenye mshale yanatoweka. Korongo linaanza kula kurudi juu, na kiwanja cha mwisho ndicho cha kwanza kuondoka.

Sasa barabara. Hifadhi ya mita 10 igaweni hivi: njia ya magari mita 5, mtaro na kingo zake mita 1 kila upande, inabaki mita 1.5 kila upande. Upande mmoja uwe wa bomba la maji, mwingine wa nguzo za umeme. Msichanganye.

Msingi wa udongo ushindiliwe kwanza. Juu yake moramu sentimita 15 iliyokwisha kushindiliwa, maana yake mnamwaga karibu 20 iliyo huru. Ukitoa kile kipande cha mita 60, mna mita 390 kwa 5 kwa 0.15, yaani mita za ujazo 293. Ongeza asilimia 30 ya kusinyaa, ni 380, karibu tripu 32 za tipa ya mita za ujazo 12. Mgongo wa barabara ushuke asilimia 5 kutoka katikati kwenda kila mtaro. Kwa njia ya mita 5, katikati iwe juu ya ukingo kwa sentimita 12.5. Wanaochonga barabara tambarare "ili magari yasiegame" ndio wanaotengeneza madimbwi.

Moramu kabla ya kulipa: mawe yasizidi milimita 40, na ukiikanyaga kwa kisigino isisagike kuwa unga. Ikikosa udongo wa kushikanisha itapata mawimbi mwezi wa pili wa kiangazi. Ikiwa na udongo mwingi, itateleza kama sabuni mwezi Januari.

Maji ya boza ni sehemu ya kazi, si anasa. Finyanga donge mkononi: likikatika vipande viwili bila kuchafua kiganja, unyevu unatosha. Likimomonyoka, mwaga maji zaidi. Rola likipita juu ya moramu kavu linaipanga tu, haliishindilii.

Kipande cha asilimia 14 msikiwekee moramu kabisa, itashuka yote ndani ya msimu mmoja. Zege sentimita 15, mita 60 kwa 5, ni mita za ujazo 45. Kwa mifuko 7 ya saruji kwa kila mita ya ujazo, ni mifuko 315. Kateni viungo kila mita 4.5, pigeni fagio gumu kukingama na barabara ili tairi zishike, na zege lifunikwe na kumwagiwa siku 7. Mwanzo na mwisho wa zege wekeni kizingiti kilichozama sentimita 40, la sivyo maji yatachimba pale moramu inapokutana na zege na slabu itabaki ikining'inia.

---

Bomba63

Nitagusa maji ya kunywa tu. Kila mita 10 za kushuka zinaongeza presha ya baa 1. Kama mnapounganisha kuna baa 3, kwenye kiwanja cha mwisho ni baa 7. Ila msipime mchana. Nendeni na geji usiku wa manane, watu wamelala na presha imepanda. Ikisoma 4.5 kule juu, chini mna 8.5, na bomba la PN10 (la presha ya baa 10) linabaki na nafasi ndogo mno kwa mshtuko wa maji mtu akifunga valvu ghafla. Hapo nusu ya chini ya mtaa iwe PN16, au wekeni valvu ya kupunguza presha katikati, ndani ya chemba inayofunguka.

HDPE (bomba la plastiki ngumu) ya milimita 63 ianzie juu. Ukubwa wa mwisho mamlaka ndiyo itaukubali kwa hesabu yake, kwa hiyo michoro ipelekeni kabla ya kununua. Mkinunua kwanza halafu wakadai 90, mtakuwa na roli za kuuza mitandaoni.

Mfereji uwe na kina cha kutosha bomba kufunikwa sentimita 75, na sentimita 100 likivuka barabara. Chini yake mchanga sentimita 10, juu yake mchanga tena, bila jiwe hata moja kugusa bomba. Kila mahali linapovuka barabara lipite ndani ya bomba kubwa la ganda, na mivuko hiyo izikwe KABLA ya moramu na zege. Kurudi kukata barabara mpya ndilo kosa linalojirudia kuliko yote. Ule mkato haushindiliwi sawasawa, unazama, maji yanatuama.

Valvu ya hewa iwe kwenye kilele, ya kuosha iwe mwisho wa chini. Jaribio la presha ni mara 1.5 ya presha ya kazi, viungo vikiwa wazi havijafukiwa. Dawa ya kuua vijidudu bombani: mita 100 za bomba la 63 zinabeba kama lita 240. Kwa miligramu 50 za klorini kwa lita mnahitaji gramu 12, yaani gramu 18 hivi za unga wa asilimia 65 hadi 70. Iache saa 24, kisha mwage mpaka harufu iishe, na msiimwage korongoni kwenye kijito.

---

KibandaChaUyole

Asanteni sana wakuu. Maswali mawili. Chini kabisa barabara inakingamwa na mkondo mdogo, fundi ana makalavati ya sentimita 60 tayari, nayachukua? Na la pili: kila mnunuzi atataka kuingiza gari kwake. Nikiwaachia wenyewe si watafukia mtaro?

---

Zege_na_Mawe

Ya 60 ikijaa mdomoni inapitisha kama mita za ujazo 0.3 kwa sekunde, na maji yenu ya baadaye peke yake ni 0.67. Chukua ya 90, inapitisha karibu 0.9, na mtoto wa kibarua anaingia... hapana, tusiseme hivyo, mtu mzima anaingia na koleo kuzoa mchanga. Ya 60 hakuna anayeisafisha. Vipande saba vya mita 1, mteremko asilimia 3, kuta za vichwa pande zote, juu yake udongo usiopungua sentimita 60.

Geti: ndiyo, watafukia, na watazika bomba la inchi 6 wakidhani ni kalavati. Pigeni slabu zenu za aina moja: urefu sentimita 70, upana 50, unene 12, nondo milimita 10 kila sentimita 15. Moja ina uzito wa kilo 100 hivi, watu wanne wanainyanyua mtaro ukizibwa. Slabu sita zinatosha geti la mita 3. Bei yake iingie kwenye kiwanja, na katazo la kufukia mtaro liandikwe kwenye mkataba wa mauzo.

---

Mitaa_ya_Kihesa

Kwa hapa Iringa ningembishia Zege_na_Mawe kwenye mifuko 315. Penye mawe magumu jirani, mawe ya sentimita 20 yaliyosimamishwa kwa wima juu ya mchanga na kufungwa kwa mota yanashika mteremko vizuri, na vijana wa mtaa wanaweza kuyarekebisha. Ila mawe yenu yawe yale meusi mazito, si yale yenye matundu.

Jambo moja hamjalitaja: udongo wa msingi haujapimwa. Koni ya DCP (chuma chenye ncha kinachopigwa kuzama ardhini) haina mambo mengi, nyundo ya kilo 8 ikidondoka milimita 575. Pigo moja likizamisha milimita 17, CBR (kipimo cha uimara wa udongo) ni kama 15, mnaweza kuweka moramu moja kwa moja. Milimita 35 ni CBR 7, ongezeni tabaka la udongo bora chini. Milimita 78 ni CBR 3, hapo toeni udongo wenyewe. Msipime Septemba mkafurahi. Udongo mkavu unadanganya. Sampuli za maabara nazo zifungwe kwenye nailoni na zisikaushwe kwenye oveni kabla ya kipimo, kwa sababu udongo wa majivu ya volkano ukishakauka kabisa haurudi ulivyokuwa, na majibu yanatoka mazuri kuliko hali halisi.

Nguzo ziwekwe kwenye mpaka wa viwanja viwili, kamwe si mbele ya katikati ya kiwanja. Mpeni TANESCO mchoro wa viwanja vyote 60 kwa pamoja ili laini ipangwe mara moja. Mteja aliye ndani ya mita 30 haongezewi nguzo. Wa mita 70 anaongeza moja, wa 120 mbili, na gharama inabadilika sana hapo.

Kuhusu muda: mvua zikikatika mwishoni mwa Aprili, anzeni Mei udongo ungali na unyevu wake. Mtaro wa kinga, kalavati na mivuko ya bomba kwanza, kisha kuchonga na mitaro ya mawe, moramu Julai au Agosti na boza. Kuta za mtaro ziwe zimekamaa kabla ya Novemba.