Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam: iwekewe viti au ing'olewe?

Mpita Njia: Wakuu, kila siku tunaambiana "tukutane Askari", Samora pale. Ukifika unasimama ng'ambo ya barabara kama mdai, maana sanamu yenyewe imezungukwa na magari. Kwa nini pasifanywe mahali mtu akae, apumzike, awaze kidogo?

Kitumbua Baridi: Uwaze nini? Askari wa Mjerumani, wa viboko hamsa ishirini? Ing'olewe.

Mwalimu Mstaafu: Umechanganya madesa, kijana. Ya Mjerumani ilikuwa ya Wissmann, gavana wao, Mwingereza akaiondoa. Huyu aliwekwa 1927, kumbukumbu ya askari Waafrika na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Pale chini pameandikwa mpaka Kiswahili. Wapagazi wengi waliuawa na maradhi, si risasi.

Kitumbua Baridi: Shikamoo mwalimu. Mjerumani, Mwingereza, bakora ni ile ile.

Bi Mkunazini: Viti vya nini? Watu wa bara kukaa hamjui. Unguja baraza iko mlangoni, kahawa inapita, bao linachezwa.

Mnyamwezi Halisi: HATUJUI? Mizigo ya misafara yenu ilibebwa na nani mpaka pwani? Miembe ile ya Tabora unadhani ilikuwa pambo? Watu walitua mizigo, wakakaa, wakapiga soga. Baraza hiyo.

Bi Mkunazini: Mwembe ni mti, kaka. Njoo kwetu Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, uone sanamu za wale watumwa watano wa saruji shimoni, minyororo shingoni. Hakuna anayeambiwa anyamaze, wananyamaza wenyewe.

Mnyamwezi Halisi: Baada ya kulipa kiingilio. Mwembe haudai kitu.

Bi Mkunazini: Na haukumbushi kitu! Ila maembe.

Jirani wa Nairobi: Sisi sanamu ya Kimathi, yule wa Mau Mau, iko mtaani kwake tangu 2007, watu wanakutana hapo bila maneno mengi.

Mnyamwezi Halisi: Jirani, hapa tunazungumzia miembe.

Mwalimu Mstaafu: Tulikuwa tunazungumzia wapagazi. Na wewe Mnyamwezi ndiye ungepaswa kuwa wa kwanza kumtetea yule askari, maana kumbukumbu ile ni ya wabeba mizigo pia.

Mnyamwezi Halisi: Mbona aliyesimama juu kashika bunduki? Mwenye mzigo kichwani yuko wapi?

Kitumbua Baridi: Hapo sasa. Leo nakubaliana na mtu wa Tabora, sijui nimekula nini.

Mpita Njia: Wakuu, na viti?

Bi Mkunazini: Njoo na kigoda chako.